Namba ya tarakimu 21 na daftari la mpakani

Ukikabidhiwa hesabu iliyopigwa na mwingine, utajuaje kuwa ni sahihi? Iko njia ya kale niliyojifunza shuleni uhamishoni: jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja.

Magunia 47 kwa 38,500 ni 1,809,500. 47 hubakiza 2. 38,500 hubakiza 7. 2 mara 7 ni 14, yaani 5. Jibu nalo hubakiza 5. Ukiandikiwa 1,819,500 hubaki 6: rudisha daftari.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliiweka 147,573,952,589,676,412,927 katika namba tasa, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1876 Edouard Lucas alithibitisha kuwa si tasa, bila kupata vigawo vyake. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole akavitaja: 193,707,721 na 761,838,257,287. Jumlisha tarakimu za kila kimoja: 37 na 64, vyote huishia 1. Namba kubwa hutoa 109, nayo huishia 1.

Lakini tahadhari, msomaji: 1,890,500 nayo hubakiza 5. Tarakimu zikibadilishana nafasi, njia hii haizinasi. Hesabu ikikataa, ina kosa. Ikikubali, izidishe upya kabla ya kutoa fedha.