Kupumzika Msituni na Ziwani: Faida na Tahadhari



Kila mwezi wa Desemba barabara ya kupanda kutoka Mwanga mjini kwenda Usangi hujaa magari. Ndugu zetu wa Dar es Salaam, Arusha na kwingineko wanarudi nyumbani. Wakishakaa siku mbili tatu milimani, vijana huomba kuteremka ziwani, Jipe au Nyumba ya Mungu, wakaogelee na kula samaki. Sisi wauguzi tunafurahi watu wanapopumzika. Lakini ni sisi pia tunaowapokea baadaye wale waliorudi na ugonjwa. Kwa hiyo tumeona tuzungumze juu ya mambo yote mawili.

Je, msitu una faida gani kwa afya?

Hamu ya kukimbilia msituni si ya Wapare peke yao. Huko Marekani, katika jimbo la Washington, iko misitu ya mvua ya nchi za baridi ndani ya hifadhi ya Olympic. Watu husafiri mbali ili kuiona, na wengine hukodi vibanda vya mbao kando ya maziwa ya huko wapate kukaa kimya siku chache. Nchini Japani, mwaka 1982, idara ya misitu ya serikali ilianza kuwahimiza wananchi watembee msituni kwa ajili ya afya zao. Matembezi hayo waliyaita "shinrin-yoku", maana yake "kuoga msitu". Si kuoga maji, bali kutembea polepole, kuvuta hewa safi na kusikiliza ndege.

Jambo hili limechunguzwa hata hospitalini. Mwaka 1984 mtaalamu mmoja Mmarekani, Roger Ulrich, alitoa taarifa ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Wengine dirisha lao lilitazama miti, wengine lilitazama ukuta wa matofali. Wale waliotazama miti walitoka hospitali mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Sisi tunaofanya kazi wodini jambo hilo halitushangazi. Mgonjwa akianza kuomba asogezewe kitanda dirishani, tunajua moyo wake umeanza kurudi.

Mtu anapotulia, mapigo ya moyo hupungua kasi, misuli hulegea na usingizi huja vizuri. Akitembea mlimani, anafanyisha moyo na mapafu kazi iliyo njema. Ila tuelewane: pumziko si badala ya dawa. Mwenye shinikizo la damu au kisukari afunge safari na vidonge vyake mfukoni.

Misitu yetu wenyewe

Hatuhitaji kwenda Marekani. Kadiri mtu anavyopanda mlima, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Ndiyo sababu mtu hutoka jasho Mwanga mjini, na akifika juu hutafuta sweta. Kindoroko, kilele cha Upare wa Kaskazini, kina mita zaidi ya 2,100. Shengena, juu ya msitu wa Chome upande wa Same, kina mita zaidi ya 2,400. Pepo kutoka Bahari ya Hindi huleta mawingu, na misitu hiyo huyapokea na kuyageuza kuwa vijito. Vijito hivyo vilijaza ndiva za babu zetu, na vingine huteremka hadi ziwa Jipe. Kutoka Jipe, mto Ruvu hupeleka maji Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960. Basi msitu na ziwa ni ndugu.

Hatari iliyomo majini

Kijana mmoja wa darasa la sita aliletwa kwetu baada ya Pasaka. Alikuwa amedhoofika, hataki kucheza. Alikuwa akikojoa damu kwa wiki kadhaa, lakini aliona aibu kumwambia mama yake. Tulipouliza taratibu, tukajua kwamba wakati wa Krismasi alishinda ziwani kila siku pamoja na binamu zake. Ilikuwa ni kichocho.

Kichocho huenezwa hivi. Mtu mwenye ugonjwa hukojoa au hujisaidia majini au karibu na maji. Mayai huanguliwa, na vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Humo huongezeka, kisha hutoka kwa wingi, hasa jua linapokuwa kali, na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Mtu hasikii maumivu. Pengine huwashwa tu. Damu kwenye mkojo au kinyesi huweza kuonekana baada ya wiki nyingi, wakati safari imeshasahaulika. Usipotibiwa, ugonjwa huharibu kibofu au ini, na kwa wasichana huweza kudhuru njia ya uzazi.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na kipimo chake hutegemea uzito wa mtu. Kijana yule alipona. Lakini binamu zake walikuwa wamekwisha rudi mjini, nasi tuliandika barua ili nao wapimwe. Wazazi, mtoto akirudi kutoka ziwani mwulizeni habari za mkojo bila kumfokea.

Mambo ya kukumbuka

1. Msiogelee wala kusimama katika maji yaliyotulia yenye magugu. Huko Jipe wako pia mamba na viboko. Furahieni ziwa mkiwa nchi kavu.

2. Maji ya kuoga yachotwe na kuwekwa kwenye chombo safi siku mbili kabla ya kutumiwa, au yachemshwe. Ya kunywa yachemshwe daima, hata ya kijito cha msituni.

3. Ziwani mbu ni wengi kuliko mlimani. Mtoto aliyekulia kwenye baridi hana mazoea ya malaria. Bebeni vyandarua, na homa yoyote baada ya safari ipimwe mara moja.

4. Choo ni lazima, hata kwa wageni wa siku moja.

5. Milimani baridi ni kali usiku, na wengine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Msifanye hivyo kamwe! Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na familia nzima huweza kufa usingizini. Ongezeni blanketi.

Neno la mwisho

Tumeona jambo moja kila mwaka: watoto hupumzika, baba hupumzika, lakini mama huhamisha jiko lake tu kutoka nyumba moja hadi nyingine. Mama naye ana moyo na shinikizo la damu. Safari hii mpikieni, naye apate kukaa chini ya mti. Na mti huo msiukate, kwa kuwa maji ya wajukuu wetu yanatoka hapo.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tunawatakia mapumziko mema.