Ekzosi mpya, kabureta ileile

Malalamiko yanayofika kwa mafundi wa pikipiki Nsemulwa, hapa Mpanda, baada ya mtu kubadili ekzosi hufanana karibu yote. Chombo kimepata mlio, kikiwashwa alfajiri mtaa mzima unajua. Lakini ukiachia mafuta kinapiga risasi nyuma. Kikiwa sailensa, yaani kinanguruma bila kuvutwa mafuta, mngurumo unapanda na kushuka wenyewe. Na kikipakia mshikaki kuelekea Sitalike kinachemka kuliko zamani. Dereva anasema ameuziwa ekzosi feki. Fundi mwenye haraka anasema dawa ni jeti kubwa. Mara nyingi wote wawili wanakisia, na anayelipia ni mwenye pikipiki.

Tuanze na kabureta yenyewe. Koo lake ni jembamba katikati. Hewa ikipita hapo inaongeza kasi na shinikizo linashuka, basi petroli inanyonywa kutoka bakuli la boya kupitia vijitundu vya shaba tunavyoviita jeti. Hakuna kompyuta, hakuna kinachopima moshi. Kabureta inaitikia mvuto tu. Kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue yote pasipo kubaki kitu. Injini ikitakiwa kutoa nguvu zake zote hupenda mafuta yazidi kidogo, yaani hewa kilo 12.5 hadi 13 kwa kilo moja ya petroli. Hewa ikizidi sana moto huungua polepole, joto hubaki kwenye valvu na pistoni, na injini inayopozwa na upepo peke yake haina pa kulipeleka joto hilo.

Ekzosi inaingiaje hapo? Ile ya kiwandani ina vyumba na vibomba vya ndani vinavyouzungusha moshi ili kelele ipungue. Ekzosi ya wazi, au ya zamani iliyokatwa kwa grenda ikatolewa utumbo na kuchomelewa tena, inauacha moshi utoke moja kwa moja. Kila mzunguko kuna kipindi kifupi ambapo valvu ya moshi haijafunga na ya hewa imeshaanza kufunguka. Moshi unaotoka kwa kasi huvuta hewa mpya nyuma yake wakati huo, na silinda inajaa vizuri zaidi. Kabureta nayo inaongeza petroli, ila si kwa uwiano uleule katika kila mkao wa mkono wa mafuta. Na kwa kuwa viwanda vingi hupanga kabureta kwa kubana matumizi, pengo dogo tu linatosha kuleta risasi na joto.

Vijiweni kuna imani kwamba injini lazima izibwe kidogo nyuma ndipo iwe na nguvu. Si kweli. Inachotaka ni kasi ya moshi. Bomba likiwa pana kupita kiasi kasi hiyo inapungua, ndiyo maana pikipiki ya 125 iliyofungwa bomba la pikipiki kubwa inakuwa nzito kuondoka hata kama mlio wake unatisha.

Jambo ambalo video za mafundi wa nchi nyingine hazitakuambia ni hewa ya kwetu. Mpanda iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Kabureta haiupunguzi mkondo wa petroli kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo pikipiki iliyopangwa vizuri Pwani ikifika hapa inakuwa na mafuta yaliyozidi kwa karibu asilimia 5. Ekzosi ya wazi inavuta upande wa pili, upande wa hewa kuzidi. Mambo haya mawili yanaweza kufutana! Nimeziona pikipiki Mpanda zilizobadilishwa ekzosi na plagi zikabaki na rangi safi bila mtu kugusa chochote. Anayefuata ushauri wa mtu wa Dar na kupandisha jeti namba mbili anaishia na moshi mweusi na tangi linalokauka kabla ya saa sita mchana. Hesabu hiyo inabadilika tena kwa anayeshuka Karema au Ikola, ambako Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770, na kwa anayepanda Sumbawanga, zaidi ya mita 1,700. Panga chombo kwa pale kinapofanyia kazi siku nyingi.

Kabla ya kufungua kabureta tafuta hewa inayoingia kwa wizi. Kwenye kichwa cha silinda ekzosi inakaa juu ya gasketi ya duara ambayo hubonyea mara moja tu. Ukiirudisha ya zamani inavuja, na unapoachia mafuta hewa inanyonywa hapo, inakutana na petroli ambayo haijaungua, inalipuka ndani ya bomba. Risasi nyingi zinazolaumiwa jeti zinatoka kwenye gasketi hiyo. Angalia pia raba inayoshika kabureta kwenye injini. Kwa joto letu inapasuka nyufa ndogo zisizoonekana mpaka uikunje. Injini ikiwa sailensa, nyunyizia raba hiyo maji kidogo. Mngurumo ukibadilika, umempata mwizi.

Sasa tafuta tatizo linatokea mkono ukiwa wapi. Hapa ndipo ufundi ulipo. Funga utepe mweupe kwenye mkono wa mafuta na uchore alama: umefungwa, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Kisha endesha na uangalie alama, usisikilize mlio. Kuanzia sailensa hadi karibu robo, kazi kubwa inafanywa na jeti ndogo na skrubu yake. Kati ya robo na robo tatu ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi. Robo tatu hadi mwisho ndipo jeti kubwa inatawala. Bodaboda anayebeba abiria kati ya Nsemulwa na sokoni anakaa kwenye sindano karibu siku nzima, na jeti kubwa haifikii isipokuwa akitoka mjini. Ndiyo maana namshangaa fundi anayeanza na jeti kubwa kwa kila mgonjwa.

Kipimo cha bure ni choki. Injini ikiwa na moto, shika mwendo mmoja mahali tatizo linapotokea na uvute choki kidogo. Ikichangamka, hewa imezidi. Ikizubaa au kukohoa, mafuta yalikuwa yanatosha au yamezidi, usiongeze.

Sindano ina mifereji midogo juu yake, kwa kawaida mitano, na klipu imekaa kwenye mmoja. Ukishusha klipu mfereji mmoja, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka, ukiipandisha, yanapungua. Watu wengi hufanya kinyume kwa kuchanganya klipu na sindano. Mfereji mmoja, jaribu barabarani, ndipo ufikirie wa pili. Kabureta za raba, zile ambazo slaidi inainuliwa na mvuto badala ya waya, nyingine zina sindano isiyo na mifereji. Hizo huwekewa washa nyembamba chini ya kichwa cha sindano. Kwa pikipiki ya kazi iliyofungwa ekzosi ya kawaida ya dukani, mfereji mmoja na marekebisho ya skrubu humaliza kazi. Zaidi ya hapo ni mashindano.

Skrubu ina mtego wake. Ikiwa upande wa kichujio, inaongoza hewa: kuifungua kunapunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini, inaongoza mchanganyiko: kuifungua kunaongeza mafuta. Ifunge taratibu mpaka igote, bila kukaza, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa moto, izungushe robo robo hadi upate mngurumo wa juu na ulio laini, halafu urudishe sailensa kwa skrubu ya slaidi. Ukivuta mafuta na kuachia, mngurumo unatakiwa kushuka mara moja. Ukining'inia juu kwanza ndipo ushuke, bado hewa imezidi.

Jeti kubwa iguswe pale tu injini inapodhoofika mkono ukiwa mwisho. Na hapa nina ugomvi na waya. Namba kwenye jeti nyingi za aina ya Keihin ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: 100 ni milimita 1.00, na 105 ni 1.05. Tofauti hiyo ni pungufu ya unene wa unywele, lakini eneo la tundu linaongezeka kwa asilimia 10. Fundi anayetanua tundu kwa waya wa klachi hawezi kujua ameongeza asilimia 5 au 30, na tundu linakuwa na mikwaruzo inayoharibu mkondo. Nunua jeti yenye namba, panda hatua moja.

Hukumu inatolewa na plagi. Funga mpya, pasha injini, tafuta barabara tupu, endesha dakika chache mkono ukiwa kwenye alama unayopima, kisha bana klachi na uzime hapohapo. Ukiiacha ingurume mpaka kijiweni, utasoma sailensa. Kauri ikiwa na kahawia hafifu au kijivu, uko sawa. Masizi makavu meusi ni mafuta yaliyozidi. Nyeupe inayong'aa au yenye vidoa vya kuyeyuka, simamisha chombo usiongeze hata kilomita. Nyeusi yenye mafuta ya kulowesha kidole ni ringi au valvu, kabureta haihusiki. Wazee wa gereji hutafuta rangi ya chokoleti. Hiyo walijifunza enzi za petroli yenye madini ya risasi, iliyoondolewa katika nchi za Kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Petroli ya sasa huacha rangi hafifu zaidi, usiitafute chokoleti kwa kuongeza jeti.

Vipimo vyote hivi havina maana kama petroli ni ya chupa kando ya barabara, yenye maji au mafuta ya taa. Wala kama mtu ameng'oa kichujio cha hewa "ili ipumue". Vumbi la Katavi kuanzia Juni hadi mvua za kwanza ni mchanga wa kusagia silinda. Ekzosi ikishindwa unapoteza mlio; kichujio kikiondolewa unapoteza injini.

Na je, inafaa? Kwa injini ya 150 ambayo haijaguswa ndani, nguvu inayoongezeka ni ndogo kiasi kwamba abiria mmoja mnene anaifuta. Masikio yanadanganya: mlio mkubwa hufanya mwendo uleule uonekane wa kasi. Petroli ya Mpanda tayari imebeba gharama ya safari ndefu kutoka bandarini, kama bei kikomo za EWURA zinavyoonyesha kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila mfereji wa sindano unaoshusha klipu unakatwa kwenye hesabu ya siku. Na kuna majirani. Tangu 2015 nchi ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na ekzosi isiyo na utumbo hujitangaza kabla hujafika kwa trafiki.

Kama umeshaamua, funga gasketi mpya, fuata utepe na plagi, na uandike klipu ilikuwa mfereji wa ngapi na skrubu ilifunguliwa mizunguko mingapi kabla hujaigusa. Ile ekzosi ya kiwandani usiipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ipake grisi kwenye shingo, iweke ndani. Siku ya kuuza pikipiki, mnunuzi mjanja ataiulizia.