Kisima Chako na Haki ya Jirani: Kwa Nini Maji ya Ardhini Yapimwe

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Miongoni mwa masuali yanayoletwa misikitini siku hizi ni suali la kisima. Mtu amechimba kisima kirefu kwa mashine katika kiwanja chake, ametia mota na tangi. Baada ya muda, jirani yake mwenye kisima cha ndoo alichorithi kwa wazee wake anaona maji yanapungua, au yameanza chumvichumvi. Je, aliyechimba amedhulumu? Je, anatakiwa kulipa?

Jibu linahitaji elimu mbili: elimu ya fiqhi, na elimu ya namna maji yanavyokaa chini ya ardhi yetu. Ikikosekana hii ya pili, anayeamua atakuwa anaamua kwa dhana, na dhana haiondoi haki ya mtu.

Maji ya visiwa yanakaa wapi?

Unguja na Pemba hazina mito mikubwa wala maziwa. Vijito vyetu ni vidogo, na baadhi yake huzama ardhini kabla ya kufika baharini. Kwa hivyo sehemu kubwa ya maji tunayotumia ni mvua ya masika na ya vuli iliyoingia ardhini, ikatoka tena kwa chemchemi au kwa kisima. Hata maji ya bomba aliyoyaleta Sayyid Barghash mjini Unguja katika karne ya 19 yalitoka kwenye chemchemi za nje ya mji, na chemchemi hizo zinalishwa na mvua hiyo hiyo.

Katika Suratul Muuminuun, aya ya 18, Allah (S.W.) anatufahamisha kuwa ameteremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo, akayatuliza katika ardhi, na kwamba Yeye ni Muweza wa kuyaondoa. Tuzingatie mambo matatu yaliyomo: maji yana kipimo, yana mahali yalipowekwa, na yanaweza kuondoka. Mtaalamu wa maji anayechora ramani ya maji ya ardhini anayatafuta mambo hayo hayo matatu: kiasi gani kinaingia, kinakaa wapi, na kinapungua kwa kasi gani.

Ardhi yetu haiko sawa kila mahali. Sehemu za magharibi na kati za Unguja zina udongo mzito, na ndiko kwenye mashamba ya minazi na mikarafuu. Mashariki na kusini, kama Paje, Jambiani na Makunduchi, na kaskazini kule Nungwi, ni maweni: jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Mvua ikinyesha katika maweni huzama upesi. Lakini na uchafu nao huzama upesi vile vile, kwa njia zile zile.

Chini ya kisiwa, maji baridi hayakai peke yake. Bahari imeingia katika mwamba kutoka pande zote, na maji baridi, kwa kuwa ni mepesi kidogo, huelea juu ya maji ya chumvi. Wataalamu wawili wa Ulaya, Ghyben na Herzberg, walilieleza jambo hili kwa hesabu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Hesabu yao ni nyepesi kuikumbuka: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Ukivuta maji mpaka uso wake ukashuka kwa nusu mita na ukabaki hapo, chumvi kutoka chini inaweza kupanda kiasi cha mita 20. Mwenye mota haoni kitu. Anaona bomba linatoa maji kama jana. Chumvi inapanda pole pole, na ikishafika kisimani inaweza kuchukua miaka ya mvua nzuri kuisukuma irudi chini. Na mara nyingi wanaoionja mwanzo ni wale wanaokaa karibu na bahari, ambao pengine hawakuvuta chochote cha ziada.

Fiqhi inasemaje?

Msingi wa kwanza ni kuwa maji kwa asili yake ni ya watu wote. Imepokelewa na Abu Daud kuwa Mtume (S.A.W.) aliyataja maji pamoja na malisho na moto kuwa ni vitu ambavyo Waislamu wanashirikiana. Na imethibiti katika Bukhari na Muslim katazo la kuzuia maji ya ziada.

Msingi wa pili ni kanuni mashuhuri, iliyopokelewa na Ibn Majah na wengineo, inayokataza mtu kudhuru na watu kudhuriana.

Msingi wa tatu ni harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo haifai mwengine kuliingilia. Imam Nawawi (Allah amrehemu) katika *Minhaj*, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu za madhehebu ya Shafii, ameeleza kuwa harimu ya visima vya mfereji wa chini kwa chini ni lile eneo ambalo mtu akichimba ndani yake maji ya visima hivyo yatapungua, au itahofiwa visije vikaporomoka. Tazama namna wanavyuoni walivyoufunga mpaka huo na athari ya kweli iliyoko chini ya ardhi, miaka mia kadhaa kabla ya kuwepo mota.

Ama nyumba zilizozungukwa na nyumba nyengine, Nawawi anasema hazina harimu. Kila mtu hutumia milki yake kwa ada iliyozoeleka, na akivuka mpaka wa ada, analipa alichoharibu.

Kwa hivyo aliyechimba kisima kwa matumizi ya watu wa nyumbani kwake, kwa kiasi cha kawaida, hana lawama. Lakini anayevuta maji mchana na usiku kuyauza kwa maboza, au kujaza mabwawa ya kuogelea na kumwagilia bustani za hoteli, huyo ninaona ametoka katika ada ya matumizi ya nyumba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu utalii katika pwani ya mashariki ya Unguja ulikadiria kuwa mgeni mmoja hutumia wastani wa lita 685 kwa siku. Tujiulize kijijini familia ngapi zinaishi kwa kiasi hicho. Ikithibiti kuwa uvutaji kama huo umemharibia jirani, dhamana ipo.

Neno zito hapa ni "ikithibiti". Ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na madhara yako chini ya ardhi, hayaonekani. Bibi mwenye kisima cha ndoo atathibitisha vipi? Hana ila ulimi wake unaoonja chumvi. Ndiyo maana nasema kupima na kuandika maji ya ardhini ni katika kulinda haki za watu. Pasipo vipimo, mwenye nguvu hushinda kila kesi.

Maji hupimwaje?

Kwanza hutengenezwa ramani: kila kisima na kila chemchemi huandikwa mahali kilipo, kina chake, na kinatoa kiasi gani. Pili huja ufuatiliaji, nao ni kazi ya miaka. Mpimaji huteremsha utepe maalumu kisimani na kusoma maji yako umbali gani kutoka mdomo wa kisima. Hutumia pia kifaa kinachopima namna maji yanavyopitisha umeme, kwa sababu maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi. Hapo huongezwa kipimo cha mvua. Kipimo kimoja hakisemi kitu. Vipimo vya masika na kiangazi, mwaka hadi mwaka, ndivyo vinavyosema kama tunatumia pato au tunakula mtaji.

Kwa maeneo makubwa, tangu mwaka 2002 zimekuwapo setilaiti pacha ziitwazo GRACE, zinazopima mabadiliko madogo ya nguvu ya mvutano ya ardhi. Maji yakipungua chini ya nchi nzima, mvutano hubadilika, na setilaiti huhisi. Lakini zinaona maeneo ya mamia ya kilomita, na Unguja ina urefu wa kilomita 85 tu. Hakuna chombo cha angani kitakachotupimia kisima cha Jambiani. Kazi hiyo ni yetu.

Mazingatio ya Maldives

Ndugu zetu Waislamu wa Maldives wanaishi juu ya matumbawe kama sisi. Katika mji wao mkuu, Malé, maji baridi ya chini yalivutwa kuliko mvua ilivyoweza kurudisha, na yakachafuliwa na maji machafu ya mji. Tangu mwaka 1988 wameanza kutegemea mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Disemba 2014 moto ulizuka katika mtambo huo, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila maji ya bomba, wakisubiri maji kuletwa kwa ndege na meli. Katika Suratul Mulk, aya ya 30, Allah (S.W.) anatuuliza: maji yetu yakididimia, ni nani atakayetuletea maji yanayobubujika? Suali hilo linatuhusu.

La kufanya

1. Kabla ya kuchimba, nenda Mamlaka ya Maji (ZAWA) na kwa sheha. Uliza visima vilivyo karibu na maji ya hapo yakoje.

2. Anayetoa kisima cha sadaka, na wengi wetu walio Oman na Ulaya wanawachimbia wazee wao, atenge na fungu la kukipima na kukitunza. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma, akakifanya cha Waislamu wote. Wakfu haukamiliki kwa kupiga picha siku ya ufunguzi.

3. Kila msikiti wenye kisima uwe na daftari. Mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya mota kuwashwa, kijana mmoja ateremshe kamba yenye uzito, apime na aandike tarehe na kina. Kwa visima vya pwani, apime wakati ule ule wa maji kujaa au kupwa, kwani hupanda na kushuka pamoja na bahari.

4. Karo la choo liwe mbali na kisima, cha kwako na cha jirani. Mita 30 ni kiwango cha chini kinachotajwa sana, na katika maweni ongeza zaidi.

Masuali mafupi

*Kisima cha msikiti kimekuwa cha chumvi. Udhu unasihi?* Ndiyo. Maji ya bahari yenyewe ni tohara kwa mujibu wa Hadithi. Lakini jirani anayekuja na ndoo msikitini haji kwa udhu, anakuja kwa maji ya kunywa. Usihi wa udhu usitufanye tukalala.

*Maji ni ya kisima changu na umeme nalipa mwenyewe. Israfu bado ipo?* Ipo. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja. Umeme ni wako. Maji yaliyo chini yako yako chini ya jirani pia.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie mvua yenye manufaa, atubarikie maji yetu, na atuepushe na kudhulumiana kwa tusichokiona. Wallahu a'lam.