Shule za mchujo London: tarehe zinazowapita wazazi

Kila mwezi Mei, watoto wa mwaka wa sita katika shule za msingi za Kingsbury, kaskazini-magharibi mwa London, hufanya mitihani ya taifa inayoitwa SATs. Mzazi aliyesoma Morogoro, Kisumu au Masaka huitambua hali hiyo mara moja: penseli zimechongwa, mtoto amelazwa mapema, televisheni imezimwa. Asichokitambua ni kwamba mitihani hiyo haiamui binti yake atasoma sekondari gani. Nafasi za sekondari zilikwishatangazwa tangu tarehe 1 Machi. Na mtihani uliowachuja wasichana wa shule zinazochagua wanafunzi kwa uwezo wa masomo ulifanyika Septemba iliyotangulia, kwa wale tu ambao wazazi wao waliwasajili mapema, kwa kawaida kabla ya likizo ya kiangazi.

Kosa hilo si la uzembe. Linatokana na mfumo ambao mzazi mwenyewe alipitia. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa darasa la saba huukuta mtihani ukimsubiri shuleni kwake, na serikali ndiyo inayowapangia shule waliofaulu, wachache wao wakipelekwa katika shule za vipaji maalumu kama vile Kilakala ya Morogoro na Msalato ya Dodoma. Kenya ilikuwa na mtihani wa KCPE tangu 1985 hadi 2023, na walioitwa Alliance Girls au Kenya High walipangwa na wizara. Nchini Uganda, matokeo ya PLE ndiyo yanayomfungulia msichana mlango wa shule kama Gayaza, iliyoanzishwa mwaka 1905. Tofauti ni nyingi, lakini katika nchi zote tatu mtihani humfuata mtoto. Nchini England mzazi ndiye anayeutafuta mtihani, na asipoutafuta hakuna atakayempigia simu.

Mtaa uliowahi kuwa na mchujo wake

Kingsbury imo katika manispaa ya Brent. Ni mtaa wa nyumba za matofali zilizopangana, na kwa muda mrefu umekuwa makazi ya watu waliotoka Afrika Mashariki, hasa wenye asili ya Kiasia walioondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na Uganda baada ya amri ya Idi Amin ya mwaka 1972. Baadaye wakaja Wasomali na wengineo. Katika maduka ya Kingsbury Road si ajabu kumsikia mzee akikadiria bei ya mihogo kwa Kiswahili cha Nairobi.

Wengi wa wakazi hao hawajui kwamba zamani mtaa huo ulikuwa na mchujo wake. Sheria ya elimu ya mwaka 1944 ilikuwa imeweka sekondari ya bure kwa wote, na katika sehemu kubwa ya nchi watoto waligawanywa kwa mtihani wa umri wa miaka 11, maarufu kwa jina la 'eleven-plus'. Waliofaulu waliingia shule za kitaaluma ziitwazo shule za grama. Waliobaki walikwenda sekondari za kawaida. Kingsbury ilikuwa na vyote viwili: shule ya grama ya kaunti, na karibu nayo Tylers Croft, alikosoma Charlie Watts, aliyekuja kuwa mpiga ngoma wa kundi la Rolling Stones. Mwaka 1967 shule hizo ziliunganishwa kuwa Kingsbury High School, ambayo huwapokea watoto bila kujali alama zao.

Tangu 1998 sheria inakataza kuanzishwa kwa shule mpya za grama. Zilizosalia England ni 163, na 19 kati yake ziko London. Brent haina hata moja. Kwa hiyo familia ya Kingsbury inayotaka shule ya namna hiyo kwa binti yao haina budi kutazama nje ya manispaa yao.

Ya karibu zaidi kwa wasichana, na ndiyo inayotajwa kila mahali, ni Henrietta Barnett, iliyoko Hampstead Garden Suburb katika manispaa jirani ya Barnet. Ilianzishwa mwaka 1911 na mama mwenye jina hilohilo, mwanaharakati wa ustawi wa jamii aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi miongoni mwa maskini wa Whitechapel. Nafasi zake za mwaka wa saba ni zipatazo mia moja tu, na wasichana wanaozigombea huhesabiwa kwa maelfu. Huko huko Barnet ipo St Michael's, ya wasichana Wakatoliki, ambako familia hutakiwa kuthibitisha kwamba inashika dini yao. Latymer, ya wavulana na wasichana, iko mbali, Edmonton, nayo huangalia msimbo wa posta wa anakoishi mtoto. Kwa upande wa kaskazini kuna Watford Grammar School for Girls, ambayo licha ya jina lake huchukua kwa mtihani sehemu tu ya wanafunzi wake, na wengine wachache kwa kipaji cha muziki.

Kanuni za shule hizi hubadilika. Shule iliyompokea binti wa jirani miaka mitano iliyopita huenda leo imepunguza eneo inalolihudumia. Kinachopaswa kusomwa ni kanuni za mwaka ambao mtoto ataingia, kutoka shule yenyewe, wala si kumbukumbu za shangazi.

Karatasi za Septemba

Usajili wa mtihani hufanywa na mzazi kwa shule moja moja, au kwa kundi la shule zinazotumia mtihani mmoja. Kwa kawaida hufunguliwa majira ya kuchipua, mtoto akiwa bado mwaka wa tano, na kufungwa kati ya Juni na Julai. Anayechelewa kwa siku moja mara nyingi amechelewa kwa mwaka mzima, yaani moja kwa moja, kwa sababu mtihani huu haurudiwi.

Maswali huwa ya Kiingereza, hisabati na mantiki: ya maneno na, katika baadhi ya shule, ya maumbo. Henrietta Barnett ina duru mbili, na anayeshindwa ya kwanza haitwi ya pili. Alama hurekebishwa kwa umri, ili msichana aliyezaliwa Agosti asipunjwe mbele ya mwenzake wa darasa hilohilo aliyezaliwa Septemba, takriban mwaka mzima kabla yake.

Kuna jambo moja dogo linalowagharimu wenye kipato kidogo. Tangu mwaka 2014 shule za mchujo zimeruhusiwa kutoa kipaumbele kwa watoto ambao shule zao hupokea fedha za ziada kwa sababu ya hali ya kifedha ya familia, na kadhaa zimefanya hivyo. Haki hiyo hutokana na kuandikishwa rasmi kwa chakula cha bure shuleni. Lakini tangu Septemba 2023 meya wa London amekuwa akigharimia chakula cha mchana cha watoto wa madarasa ya juu ya shule za msingi za serikali, na wazazi wengi hawaoni tena sababu ya kujaza fomu: mtoto si anakula? Anakula, lakini jina lake halimo katika orodha. Familia inayostahili ingefanya vema kuijaza fomu hiyo hata hivyo.

Mistari sita

Kusajili mtihani si kuomba shule. Hapa ndipo hata wasomi hujikwaa. Maombi yenyewe hupelekwa kwa halmashauri ya mahali familia inapoishi, ambayo kwa Kingsbury ni Brent, ingawa shule iko Barnet au Watford. Mwisho ni tarehe 31 Oktoba, na mkazi wa London anaruhusiwa kutaja shule sita. Mamlaka za shule zinatakiwa kufanya kila linalowezekana kuwajulisha wazazi matokeo ya mchujo kabla ya tarehe hiyo. Binti anaweza kuwa amefaulu vizuri na bado akakosa nafasi, kwa kuwa tu shule ile haikuandikwa katika fomu.

Mpangilio wa shule hizo sita umezungukwa na uvumi. Wapo wanaoshauri kwamba ukiiweka shule ya mchujo juu, ile ya jirani itaona imedharauliwa na kumkataa mtoto. Ushauri huo una asili yake: zamani baadhi ya shule zilikuwa zikiwatanguliza waliozitaja kwanza. Kanuni za udahili za mwaka 2007 zilipiga marufuku utaratibu huo. Sasa shule haijui imewekwa namba ngapi. Kila moja humpima mtoto kwa vigezo vyake. Ikitokea kwamba shule tatu zinaweza kumpokea, hupewa ile ambayo mzazi aliitanguliza, na zile nyingine mbili huachiwa wengine.

Maana yake ni kwamba kupanga kwa ukweli hakumpunguzii mtu chochote. Familia inayoitamani Henrietta Barnett iiweke ya kwanza, hata kama matumaini ni finyu. Ikiiweka chini ya shule ya jirani ambayo ina hakika ya kuipata, imeitupa. Hatari ya kweli iko kwingine: ni kujaza mistari yote sita kwa shule za mchujo na zilizo mbali. Zote zikikataa, halmashauri humpeleka mtoto popote penye nafasi, pengine safari ya mabasi mawili. Shule moja ya karibu, kama Kingsbury High au Claremont ya Kenton, yenye kigezo ambacho familia inakitimiza, inastahili mstari wake katika fomu. Na mzazi aitembelee. Wako wanaoziita shule hizo za walioshindwa bila kuwahi kuvuka lango lake.

Wengine hushawishika kuazima anwani ya ndugu. Nafasi iliyopatikana kwa anwani ya uongo inaweza kufutwa. Mwaka 2009 halmashauri jirani ya Harrow ilimfungulia mama mmoja mashtaka kwa sheria ya udanganyifu ya mwaka 2006, kwa madai kuhusu anwani katika fomu ya shule ya mtoto wake mdogo. Kesi hiyo iliondolewa kabla ya kusikilizwa, lakini habari zake zilikuwa zimekwishaenea nchi nzima.

Shule za kulipia

Vituo viwili vya treni kutoka Kingsbury, kwenye reli ya Jubilee, ni Canons Park, na karibu na hapo iko North London Collegiate, iliyoanzishwa na Frances Mary Buss mwaka 1850, wakati ambapo elimu ya sekondari kwa wasichana ilionekana kuwa anasa. Ada ya shule za aina hii London huzidi pauni 20,000 kwa mwaka, na tangu Januari 2025 hutozwa pia kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20. Maombi yake ni ya peke yake, nje ya ile fomu ya halmashauri, na yana tarehe zake.

Familia isiyo na uwezo inaweza kuomba msaada wa ada, ambao katika baadhi ya shule hufikia kiwango chote. Ila atakayeomba ajiandae kufungua vitabu vyake: mishahara, akiba, na mara nyingi mali iliyoko nje ya Uingereza. Nyumba ya urithi Mombasa au kiwanja cha Entebbe si siri ya ukoo tena.

Swali jingine huulizwa kutoka nyumbani: je, mpwa anaweza kuletwa kutoka Dar es Salaam aingie shule ya grama? Viza ya mwanafunzi mtoto ni ya shule za kulipia pekee. Kwa upande mwingine, mtoto ambaye tayari anaishi Uingereza hawezi kunyimwa nafasi katika shule ya serikali kwa sababu ya uraia wake au hali ya vibali vya wazazi wake.

Mtoto wa miaka kumi

Katika haya yote, anayeketi mbele ya karatasi ni mtoto wa miaka kumi. Tuisheni imekuwa biashara kubwa kaskazini-magharibi mwa London, na baadhi ya watoto huanzishwa wakiwa na miaka saba. Mwaka mmoja wa kuzoea aina ya maswali una maana. Miaka mitatu ya Jumamosi ni mingi, na msichana akishindwa baada ya gharama hiyo hudhani kwamba ameifilisi nyumba.

Wapo pia wazazi wanaoacha kuzungumza Kiswahili nyumbani ili Kiingereza cha mtihani kisiharibike. Ni hasara isiyo na sababu. Karatasi ya ufahamu hupima vitabu ambavyo mtoto amesoma na kuvielewa, si lugha anayoombea chumvi mezani. Kadi ya maktaba ya manispaa ni ya bure.

Jioni ya tarehe 1 Machi majibu hufika kwa barua pepe. Ikiwa shule iliyotolewa si ile iliyotarajiwa, wazazi wengi huikataa kwa hasira, wakidhani kwamba kuikubali ni kufunga mlango mwingine. Sivyo. Kuikubali nafasi hakumwondoi binti katika orodha ya kusubiri ya shule alizozitanguliza, mradi awe amefikia alama zao, wala hakumnyimi mzazi haki ya kukata rufaa mbele ya jopo huru. Orodha hizo husogea kila familia moja inapohama au kuchagua shule ya kulipia, na kwa kanuni hutakiwa kutunzwa hadi angalau tarehe 31 Desemba, miezi minne baada ya masomo kuanza.