Ufilipino: kila mutu na zamu yake ku mikro

Mu inchi ya Ufilipino, mutu akifariki, maiti inaweza kulala mu nyumba siku tatu, siku tano, mara ingine juma nzima, kwa kungojea ndugu wanaotoka mbali. Muda huo wote hawamuachi pekee yake. Usiku lazima mutu fulani akeshe karibu na sanduku. Na kwa kushinda usingizi kuko kahawa, kuko biskuti, kuko michezo ya karata chini ya turubai, na mara nyingi kuko mashini ya kuimba. Jirani anashika mikro, anaimba wimbo ambao marehemu alikuwa anapenda. Kisha mutoto wa marehemu naye anaimba wake. Hakuna anayesema wanakosa heshima.

Bandugu wasomaji, sisi watu wa Katanga jambo hilo halitatushangaza sana. Kilio chetu pia kiko na nyimbo, kiko na moto wa kuota usiku, kiko na kaye ya kuandika nani ametoa ngapi. Kule muchango wa kilio unaitwa abuloy, na hata wale wanaocheza karata wanakata sehemu ya feza wanayoshinda, wanaachia jamaa ya marehemu. Lakini kwetu, mara nyingi tunaita kwaya ao tunalipa orchestre, na sisi wengine tunakaa ku viti kusikiliza. Kule jamaa yenyewe ndiyo inaimba, mumoja mumoja, kila mutu na zamu yake. Tofauti hiyo ndiyo imenisukuma kuandika.

Mashini ile wanaiita videoke. Ni sanduku kubwa lenye televizyo, bafle na mikro mbili, pamoja na kitabu kinene cha nyimbo. Kila wimbo uko na namba. Unabonyeza namba, muziki unaanza bila sauti ya muimbaji, maneno yanapita ku televizyo, basi ni kazi yako. Mu vilabu na mu maduka madogo unatia sarafu ya peso 5 kwa wimbo. Kwa feti ya nyumbani (siku ya kuzaliwa, ubatizo, ndoa, mutoto kumaliza masomo) watu wanaikodi kwa siku, na vijana wanaileta ku pikipiki ya magurudumu matatu. Mwisho wa wimbo mashini inatoa pointi. Wote wanajua kama pointi zile hazina akili hata kidogo: mwenye kupiga kelele anaweza kupata 98, mwenye sauti ya malaika anapewa 75. Watu wanacheka, kambo anadai kurudilia, na mukwe mupya mwenye haya anasukumwa mbele. Mukwe huyo haponi! Akikataa mara tatu, watasema anajiona. Akiimba vibaya, amekuwa mutu wa nyumba.

Wengi wanajua karaoke kama kitu cha Wajapani, na ni kweli: Daisuke Inoue alitengeneza mashini yake mu 1971, lakini hakuiandikisha kwa serikali. Mufilipino mumoja, Roberto del Rosario, alitengeneza yake mu miaka ya 1970, akaipa jina Sing-Along System, na yeye aliandikisha haki zake mu 1983 na 1986. Kampuni moja ilipoanza kuuzisha mashini za namna ile ile, hakunyamaza. Aliifuata kwa tribinali, akashinda, akashindwa ku rufaa, akapanda tena mupaka Mahakama Kuu ya inchi yao. Mu 1996 Mahakama Kuu ikaamua upande wake. Ninaliandika jambo hili kwa furaha, juu sisi wa sendika tunajua namna karatasi moja iliyoandikishwa mapema inaweza kuokoa mutu.

Lakini zamu ya kuimba ni ya zamani kuliko mashini. Wahispania walitawala inchi ile zaidi ya miaka 300, wakaleta dini ya Katolika na magitare. Mupaka leo, mu Juma Takatifu, jamaa nyingi zinafanya pabasa: kuimba kitabu kizima cha mateso ya Yesu, kuanzia Mwanzo wa dunia, bila kusimama, usiku na muchana. Mutu mumoja hawezi. Kikundi kimoja kinachoka, kingine kinaketi mu mahali pake, na mwenye nyumba anapika chakula cha wote. Wamama wazee ndio wenye nguvu mu kazi ile. Zamani pia kijana aliyependa binti hakwenda kunongoneza njiani. Alileta rafiki zake wenye magitare usiku chini ya dirisha lake, akaimba, na baba ya binti alikuwa anasikia kila neno. Hiyo ni harana. Siku hizi imebaki zaidi mu sinema na mu hadisi za wazee.

Sasa nipande ku milima, maana huko ndiko kuna watu wenye kazi kama yetu. Kaskazini ya kisiwa cha Luzon kuna jimbo la Benguet, inchi ya zahabu na shaba. Kule Mankayan, watu wa milima walichimba na kuyeyusha shaba mbele Wahispania hawajafika, sawa vile bababu zetu walivyoyeyusha misalaba ya shaba hapa. Kampuni kubwa ya kwanza ya zahabu ilianza mu 1903, wakati wa Waamerika. Leo, pembeni ya makampuni, kuna wachimbaji wadogo wengi, ba-creuseur kabisa, wanaingia mu mashimo pamoja na ndugu zao.

Chombo chao cha muziki kinaitwa gangsa. Ni sahani ya chuma cha manjano, ya shaba iliyochanganywa na madini ingine, inayopigwa na mukono ao na kijiti. Gangsa ni mali ya jamaa, baba anaiachia watoto. Zingine za zamani sana zililetwa na wafanyabiashara toka China. Wakati wa karamu kubwa, nguruwe zinachinjwa, gangsa zinapigwa, na watu wanacheza wakizunguka. Kuna pia ba'diw ya watu wa Ibaloi. Hapo hakuna chombo. Muzee anaimba maneno anayotunga saa ile ile, kulingana na siku: kama ni ndoa, kama ni kilio. Wengine wanaitikia pamoja. Mu kilio, muzee anaweza kusema na marehemu kwa wimbo mbele ya wote.

Tarehe 15 mwezi wa tisa 2018, tufani Mangkhut ilibomoa mulima kule Ucab, mu Itogon, jimbo la Benguet. Udongo ulifunika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mine, ambamo wachimbaji wadogo na jamaa zao walikuwa wamejificha mvua. Makumi ya watu walikufa. Waliobaki walichimba na mapiki yao wenyewe kutafuta ndugu. Kisha serikali ikaamuru uchimbaji mudogo usimame mu eneo lote la milima. Mwenye kusoma hili mu kambi ya mine hana haja nimuelezee kilio cha namna ile ni nini, wala maana ya kufunga mashimo wakati wajane hawajalipwa chochote.

Mu Noeli, wimbo unatoka mu nyumba unaingia mu njia. Wafilipino wanaanza Noeli mu mwezi wa tisa (ndiyo, wa tisa!), na radio zinapiga bila kuchoka wimbo wa Jose Mari Chan uliotoka mu 1990. Toka tarehe 16 mupaka 24 mwezi wa kumi na mbili kuna misa tisa za alfajiri, mbele jua halijatoka, kwa sababu wafanyakazi wa mashamba walipaswa kwenda kazini mapema. Watoto wanapita nyumba kwa nyumba na vyombo walivyojitengenezea: vifuniko vya chupa vilivyopondwa na kutungwa ku waya. Wanaimba, wanapewa sarafu. Ukiwafukuza, wimbo wao wa kukuchekelea uko tayari.

Tena kuna wale wasiokuwa nyumbani. Mamilioni ya Wafilipino wanafanya kazi inchi za mbali: waangalizi wa wagonjwa, watumishi wa nyumba mu Uarabu, mabaharia. Meli nyingi za dunia ziko na mabaharia wa kule, na si ajabu kama shaba yetu inayopita Durban ao Dar es Salaam inabebwa na watu wenye videoke yao mu meli. Wimbo wa Freddie Aguilar unaoitwa Anak, maana yake Mutoto, ulitoka mu 1978. Yeye alikuwa ametoroka kwa wazazi wake, akautunga kwa kuomba musamaha. Umeimbwa mu luga nyingi, na mama mwenye mutoto mbali hausikii na macho makavu. Siku ya feti wanaita ndugu ku telefoni, wanaisimamisha mbele ya bafle, na zamu yake ikifika anaimba toka Dubai, sauti inachelewa nyuma ya muziki, wote wanapoteza mupigo.

Kuna ugomvi pia, tusifiche. Nyumba za wamaskini ziko bega kwa bega, ukuta ni wa libao, na mwenye kutoka kazi ya usiku anataka kulala. Watu wamepigana, hata wameuana juu ya mikro. Wimbo wa My Way una sifa mbaya hivi kwamba vilabu vingine viliutoa mu mashini zao. Wakati wa corona, miji mingi ilikataza videoke saa za muchana kwa sababu watoto walisomea nyumbani ku telefoni. Mimi ninaona haki ya kulala ni haki ya mufanyakazi, na siwezi kuicheka. Lakini tajiri mwenye bustani na ukuta murefu anaimba usiku kucha, hakuna polisi anayemufikia. Sheria inaangukia tu yule ambaye nyumba yake ni ndogo.

Mahali pengi mupaka ni saa ine ya usiku. Saa hiyo ikifika wanazima bafle, wanasogeza viti karibu, na mutu anatafuta gitare.