Kamera na Minyororo ya Mkunazini

Mara nyingi tumevuka bahari kutoka Tanga kwenda Unguja kupiga picha Kanisa Kuu la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule lilipofungwa soko la watumwa la mahali hapo. Hapo awali tulipiga mnara na madirisha; baadaye tukawageukia wageni. Wengi hutabasamu mbele ya sanamu za Clara Sörnäs, za watumwa waliofungwa minyororo shimoni. Wachache huinamisha vichwa. Tuliporejea Chumbageni tukazikagua picha. Katika moja, iliyopigwa na mwenzetu, tulijiona nasi tukicheka kando ya shimo lile. Ndugu wasomaji, kabla ya kuwalaumu wageni, na tujifunze kwanza kuwaheshimu wahenga wetu.