Utangulizi: Kukuza Kihariri Kiwe Mazingira Kamili ya Programu

Kitabu hiki nimemwandikia mtu anayetunga programu za kompyuta akiwa Bariadi, Maswa, Mwanhuzi, Lagangabilili au Nyashimo, tena kwa mashine aliyo nayo leo. Mashine yenyewe mara nyingi ni kompyuta mpakato ya mtumba yenye gigabaiti nne za kumbukumbu. Bando hununuliwa la siku au la wiki, na umeme hukatika wakati wowote. Mwalimu wa TEHAMA wa sekondari, mwanachuo aliyerudi likizo, kijana wa steshenari anayechapa barua za watu mchana na kujifunza Python usiku: wote hawa wakifuata video za mtandaoni huambiwa wapakue mazingira mazito ya kuandikia programu. Wakiyafungua pamoja na kivinjari, mashine inakwama. Wengi huishia hapo, wakiamini kwamba kazi hii si ya watu wa hali yao.

Ipo njia nyingine, nayo ni ya zamani kuliko wengi wetu. Unachukua kihariri kidogo kinachoendeshwa kwa kibodi peke yake, Vim au mdogo wake Neovim, unakijua vizuri, kisha unakiongezea nyenzo moja baada ya nyingine kadiri kazi inavyodai, mpaka kiwe mazingira kamili ya kutungia programu. Ninadai kwamba anayejenga hivi hupata zaidi ya wepesi wa mashine. Hupata kuelewa kila kipande cha kazi yake, kwa sababu kila kipande amekiunganisha kwa mkono wake.

Njia hii ilizaliwa katika uhaba. Mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alianza kuandika kihariri kilichokuja kuitwa vi, babu wa Vim. Alikuwa na terminali ya ADM-3A nyumbani, imeunganishwa na kompyuta ya chuo kwa laini ya simu kupitia modemu ya baudi 300. Kasi hiyo hupitisha herufi kama 30 tu kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja ilihitaji zaidi ya dakika moja kujaa. Ilibidi basi amri ziwe fupi, herufi moja au mbili, na kazi kubwa ifanyike bila kuichora skrini upya kila mara. Kwenye kibodi ya terminali ile mishale ya kusogeza kishale ilichorwa juu ya vitufe vya h, j, k na l, na ndiyo maana hadi leo watumiaji wa Vim husogea kwa vitufe hivyo hivyo. Mtu wa Bariadi anayeingia kwa SSH kwenye seva iliyoko Dar es Salaam au Ulaya, mtandao ukiwa wa kusuasua, anafaidi uamuzi ule ule wa karibu nusu karne iliyopita.

Mgeni hushtuka anapobonyeza herufi na herufi isitokee. Kihariri hiki kina hali zaidi ya moja. Katika hali ya kawaida vitufe ni amri. Ukibonyeza i unaingia katika hali ya kuandika, na Esc inakurudisha. Mantiki yake ni kwamba mtunga programu husoma na kurekebisha zaidi kuliko anavyoandika mapya, kwa hiyo vitufe vilivyo karibu zaidi na vidole vimetengewa kazi hiyo. Amri zenyewe zina sarufi ya kitenzi na shamirisho. Herufi d ni kufuta, c ni kubadilisha, y ni kunakili, w ni kutoka ulipo hadi mwanzo wa neno linalofuata, ap ni aya nzima, i( ni kilichomo ndani ya mabano. Vitenzi vitatu na shamirisho kumi vinakupa amri 30 bila kukariri hata moja. Chukua mstari huu, ambamo jina la kijiji limekosewa:

malipo("Dutwa", 85)

Kishale kikiwa popote ndani ya alama za kunukuu, bonyeza ci" kisha andika Nkololo na Esc. Jina la kijiji limebadilika, mengine yote yamebaki. Shuka kwenye mstari mwingine wenye kosa kama hilo, bonyeza nukta moja, na badiliko zima linajirudia. Naomba usiipite sehemu hii mbio. Nimeona wanafunzi wakilundika programu-jalizi kabla ya kuijua sarufi hii, na matokeo yake ni kihariri kizito wanachokitumia kama daftari.

Vim yenyewe ina undugu na ukanda wetu. Bram Moolenaar, Mholanzi, aliitoa kwa umma mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta za Amiga. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Victoria ukilitazama kutoka Lamadi. Alijitolea huko kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto, akishughulikia maji na usafi wa mazingira, katika eneo lililokuwa limeumizwa vibaya na UKIMWI. Aliporudi kwao alianzisha ICCF Holland, taasisi ya kukichangia kituo hicho, na akaifanya Vim iwe njia ya kuomba michango hiyo: unaitumia bure, unainakili bure, ila unahimizwa kuwakumbuka watoto wa Kibaale. Fungua Vim bila faili lolote, na mara nyingi skrini ya mwanzo itakutajia watoto maskini wa Uganda. Andika :help uganda usome habari yenyewe, bila kutumia bando hata kidogo, kwani maelezo yote yamo ndani ya programu. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, na wenzake wakatoa toleo la 9.1 Januari 2024 kwa heshima yake. Wahandisi wa dunia nzima wameliona jina la nchi jirani yetu kwenye skrini zao kwa miongo mitatu, na nadhani ni haki kijana wa Kanda ya Ziwa alijue hilo kabla ya kujua amri ya kufunga faili.

Tuje kwenye umeme. Unapoandika pamba.py, Vim huweka kando yake faili la akiba lililofichika, .pamba.py.swp. Kwa mpangilio wa kawaida, kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde nne, yale uliyoandika huingizwa humo hata kama hujahifadhi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukiwashwa fungua faili lile lile: utapokewa na onyo refu lenye namba E325, ambalo huwatisha wageni. Lisome, bonyeza R, na kazi yako inarudi karibu yote. Hifadhi, hakikisha iko sawa, kisha ufute faili la akiba. Tangu toleo la 7.3 la mwaka 2010 unaweza pia kuwasha undofile, na hapo uwezo wa kutengua mabadiliko hubaki hata baada ya kuzima mashine. Kwenye maabara ya shule yenye kompyuta za mezani zisizo na betri, mambo haya mawili peke yake yanatosha kuhalalisha kujifunza Vim.

Sasa kihariri kinakuwaje mazingira kamili? Jozi ya maksai inayovuta plau asubuhi ndiyo hiyo hiyo hufungwa mkokoteni wa pamba jioni. Kihariri nacho hakibadiliki, kinachobadilika ni kile unachokifunga. Ukiandika kwa C, amri ya :make huita mkusanyaji, huyakusanya makosa yote katika orodha moja, na :cnext hukupeleka kwenye mstari wa kila kosa kwa zamu. Mpango wa ctags hutengeneza faharasa ya majina yote yaliyomo kwenye msimbo, ukaweza kuruka hadi pale jina lilipoelezwa. Nyenzo hizi ni nyepesi mno na zingali zinafaa.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2016, Microsoft ilipotangaza pamoja na Red Hat na Codenvy itifaki ya seva za lugha. Awali kila kihariri kilihitaji kufundishwa kila lugha ya kompyuta peke yake. Sasa seva moja inayoielewa Python huzungumza na kihariri chochote kinachoijua itifaki hiyo. Neovim, iliyochipuka kutoka Vim mwaka 2014 kwa juhudi za Thiago de Arruda wa Brazil, iliingiza uwezo huo ndani yake katika toleo la 0.5 la mwaka 2021, ikaweza kusanidiwa kwa Lua, lugha iliyotungwa Rio de Janeiro mwaka 1993.

Faida yake ionekane kwenye kazi ya huku kwetu. Tuseme unaandikia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, programu ya kukokotoa malipo ya wakulima wa pamba. Faili la mizani lina jina la mkulima na kilo, na Python ikilisoma hukupa kila kitu kama maandishi. Kilo 85 kwa bei ya mfano ya shilingi 1,200 zinatakiwa kuzaa 102,000. Lakini "85" ya maandishi ukiizidisha kwa 1,200, Python hailalamiki. Inaiandika 85 mara 1,200 mfululizo. Ukiwa umeeleza kwamba malipo() hupokea kilo za aina ya int, seva ya Pyright itaupigia alama mstari unaoipelekea maandishi hayo kabla hujaendesha programu, ikikuambia umeleta maandishi mahali pa namba. Unaweka int( na mabano yake, alama inatoweka. Ukibonyeza K juu ya jina unapata maelezo yake, Ctrl na ] hukupeleka lilikoandikwa, na kuanzia Neovim 0.11 ya mwaka 2025, grn hulibadilisha kila linapotumika. Seva nayo hula kumbukumbu, kwa hiyo kwenye gigabaiti nne iwashe kazi inapoihitaji.

Emacs, kihariri kingine kilichoanza mwaka 1976 kule MIT na kuandikwa upya na Richard Stallman kikatoka kama GNU Emacs mwaka 1985, inafika mahali pale pale kwa barabara yake. Anayeipenda asihame; sura za seva za lugha zitamfaa pia.

Nina msimamo mmoja ambao msomaji atauona kila sura: usinakili usanidi wa mtu mwingine ulio tayari. Utapakua programu-jalizi nyingi kwa bando lako, na siku moja ikiharibika hutajua pa kushika. Anza na faili tupu la usanidi. Ongeza mstari pale tu unapoweza kueleza kwa Kiswahili unafanya nini, na uuandikie maelezo hayo juu yake. Ukiandika maelezo marefu, amri ya :set spell spelllang=sw itakukagulia tahajia, kwani Vim ina kamusi ya Kiswahili ya kupakua mara moja.

Kabla ya sura ya kwanza, fungua terminali na uandike vimtutor. Ni somo la kama nusu saa linalokuja pamoja na Vim, halihitaji mtandao, na zoezi lake linafanyika ndani ya faili lenyewe. Lifanye mara mbili, kwa siku mbili tofauti, kisha urudi hapa.